Jiwe Huoshwa Kwanza

Kalisa hakubisha hodi. Nusu ya kodi ya nyumba ile aliilipa yeye, na kwa maoni yake mtu anayelipa hana haja ya kugonga mlango. Aliingia na viatu vyake vyenye ncha, akaukanyaga mkeka ambao Mukashema alikuwa ametoka kuutandika, akasimama katikati ya chumba kilichokuwa sebule ya watu kabla hajakigeuza studio ya mawe yake.

"Liko wapi?"

Usumani, mpiga picha wake, alimwonyesha kwa kidevu. Zumaridi ndogo, ukubwa wa punje ya mahindi, ilikuwa imelala juu ya kitambaa cheusi mbele ya kamera. Kalisa aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko kitambi chake kilivyozoea.

"Umelifanya nini?"

"Nimeliosha, bosi. Lilikuwa linateleza."

"Umeliosha na nini?"

"Maji moto na sabuni. Halafu nikaliloweka kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ya mama watoto."

Katika kazi ya kupiga picha za vito, adui ni vumbi. Lenzi husogezwa karibu mno, mpaka unyuzi wa pamba ulioangukia jiwe unaonekana kama kamba ya kufungia ng'ombe, na alama ya kidole inakuwa barabara ya matope. Kwa hiyo Usumani aliosha kila alicholetewa. Aliosha turmalini za waridi, ganeti nyekundu kama damu ya kuku, amethisti za zambarau, yakuti za buluu. Hakuna hata moja iliyolalamika. Hii ya leo ilikuwa imeingia kwenye bilauri kijani kibichi, ikatoka na nyufa nyeupe kila upande, kama kioo cha gari kilichopigwa na kokoto.

Alitegemea matusi. Kalisa alicheka, na kicheko kile kilimuudhi kuliko tusi lolote.

"Wewe iko mshamba, Usumani. Mama! Lete kijiko."

Mukashema, mke wa Usumani, aliyekuwa kwenye cherehani yake koridoni, kwa kuwa sebule haikuwa yake tena, alileta kijiko. Kalisa alitoa mfukoni kichupa cha mafuta ya kupaka watoto, akamimina, akashikilia kijiko juu ya jiko la mkaa la wenyewe, akalitumbukiza jiwe. Aliitisha chai. Chai ilipokwisha, jiwe lilikuwa limekunywa mafuta na nyufa zimepotea. Lilirudi kijani, bichi, zuri, kama halijui kitu.

"Umeona? Hakuna msichana wa Kigali anayetoka nyumbani bila kujipaka. Hili nalo ni hivyo hivyo."

"Na mnunuzi anajua?"

"Mnunuzi ananunua picha." Alijifuta vidole kwenye pazia la studio. "Wewe piga. Kuosha waachie wanaoosha magari. Na pesa ya leo usiisubiri, hiyo ni ada ya shule."

Alipoondoka, Mukashema alikitazama kijiko chake, akakipeleka nje, akakitupa kwenye takataka.

Usumani hakukosa usingizi. Wanunuzi walikuwa watu wa mbali, wa Dubai, wa Bangkok, wa huko ambako mtu anaweza kulipia kokoto bei ya nyumba. Mjinga akiliwa, alijisemea, hiyo si dhambi ya kamera. Yeye alikuwa mpiga picha za harusi mpaka siku ambayo kila shangazi alinunua simu na harusi zikamfia mkononi. Baada ya hapo mtu huchukua kinachopatikana, kisha hujidai amekichagua.

*

Zumaridi kubwa ililetwa mvua zilipoanza. Ilikuwa na ukubwa wa kucha ya dole gumba, imekatwa pembe nane, ngazi juu ya ngazi. Usumani aliipangusa kwa kitambaa kikavu tu, kama alivyoagizwa, na kitambaa kikatoka na mafuta. Akaiweka kwenye nta, akageuza taa, akapiga. Akasogeza kamera unywele mmoja, akapiga tena, akasogeza tena, maana kwa ukaribu ule lenzi huona vizuri ukingo mmoja tu kwa wakati. Kisha kompyuta ikaziunganisha picha zote kuwa moja. Ilipojaa kwenye kioo, alimwita mkewe aje aone. Ungedhani umesimama katikati ya shamba la chai asubuhi, kila jani limetoka kunyeshewa.

"Yesu na Mariamu," alisema Mukashema, aliyelelewa Mkatoliki na ambaye ulimi wake ulikuwa haujasilimu wote. Akatoa simu, akaipiga picha ile ya picha, akaiweka kwenye WhatsApp mahali ambapo jamaa zake wote wangeiona. Chini yake aliandika: Kazi ya mume wangu.

Alikuwa na sababu. Alipoolewa Nyamirambo, ndugu zake walisema ameolewa na Mswahili, na mjini hapa neno hilo, ukilisema kwa mdomo uliopinda, halina maana ya mtu anayeongea Kiswahili. Lina maana ya Mwislamu wa mjini, mjanja, mwenye maneno mengi na kazi isiyoeleweka. Kaka yake Rwema alilisema kwa mdomo uliopinda kila Krismasi.

Jumapili ile, Rwema alikuja moja kwa moja kutoka kanisani. Aliegesha gari kwenye mdomo wa uchochoro ili watu wapite kwa shida na walione. Alikuwa karani wa mizigo uwanja wa ndege, Kanombe, na alikuwa ameona maboksi ya matajiri kwa miaka mingi mpaka akadhani utajiri unaambukiza. Aliketi ukingoni mwa kiti, akiogopea suruali yake.

"Muramu," alimwita Usumani, yaani shemeji, kwa sauti ambayo mtu humwitia mlinzi. "Lile jiwe lipo kweli, ama ni mambo yenu ya kompyuta?"

"Lipo."

"Na linang'aa vile vile?"

Usumani alimwona mkewe mlangoni, ameshika sinia, uso umemwiva kwa fahari ambayo hajawahi kuionyesha mbele ya kaka yake.

"Vile vile," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na lilimtoka kirahisi kama chafya.

*

Siku chache baadaye Mukashema alimletea habari huku akipepeta mchele, amejaa furaha. Rwema na Kalisa wamekutana. Wamepatana. Rwema atatoa kile kiwanja cha Kabuga, Kalisa atatoa zumaridi, hati kwa jiwe, hakuna pesa ya kutembeza. Rwema atalipeleka jiwe Dubai mwenyewe, ataliuza mara tatu, na sehemu ya Mukashema atampa akirudi.

Mwenye kumsikia Rwema angedhani amemwibia Kalisa. Mwenye kumsikia Kalisa, anayejua mahali barabara mpya inapopita Kabuga, angedhani vivyo hivyo. Waungwana wawili walikuwa wameshikana mikono kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Usumani aliuweka mkate chini.

"Mama Shimwa, lile jiwe limepakwa mafuta."

"Lipi?"

"Hilo. Unakumbuka kijiko?"

Ungo ulisimama. Kiwanja kile kilikuwa cha baba yao. Kwa haki nusu ilikuwa yake, na sheria ilisema hivyo, lakini siku ya kugawana aliona haya kudai mbele ya wajomba, na hati ikaandikwa jina la Rwema peke yake. Kila mwezi Kalisa alipoingia na viatu vyake, Mukashema alikuwa akijenga huko Kabuga kichwani: vyumba vitatu, mlango wa chuma, na sebule. Sebule hasa.

"Mpigie," alisema.

Usumani alipiga, akaweka sauti juu.

"Muramu, usikubali lile jiwe. Lina nyufa. Limejazwa mafuta ndani, ndiyo maana huzioni."

"Mafuta?" Rwema alicheka. "Kama mandazi?"

"Nakuambia kweli. Mtafute mtu mwingine alitazame."

"Sikiliza, Mswahili. Ninajua kinachokuuma. Umekaa na mali mkononi miaka yote hukuwa na akili ya kuitamani, sasa mtu mwenye akili ameitamani, roho inakuwasha."

"Rwema, mimi ni mume wa dada yako."

"Na ile picha nani aliipiga?"

"Picha ni picha, muramu..."

"Nani? Si wewe? Ilikuwa na nyufa? Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukaniambia linang'aa vile vile. Sasa ulikuwa unadanganya siku ile ama unadanganya leo?"

Mukashema akachukua simu. "Kaka, ni kweli, nilikiona kijiko..."

"Wewe umeolewa mpaka akili," alisema Rwema, akakata.

Mukashema aliurudia ungo wake, akasema, "Huyo hasikii. Tangu utoto hasikii. Anaona tu."

"Nikimwonyesha, Kalisa atatutoa humu."

"Humu wapi?" Alinyoosha mkono kuonyesha cherehani, magodoro yaliyokunjwa, sufuria zilizopangwa ukutani. "Kwenye korido?"

*

Makabidhiano yalifanyiwa studio, kwa sababu Kalisa alipenda jinsi mawe yake yalivyoonekana chini ya taa. Rwema alivaa suti na alikuja na chupa yake ya maji, akaiweka mbele ya chai ya dada yake ili chai ielewe. Hati ya kiwanja ilikuwa kwenye bahasha, bahasha ilikuwa kifuani. Aliyebaki kusubiriwa ni mthibitishaji wa mikataba, Jean-Bosco, ambaye alikuwa amepiga simu mara ya tatu kusema amepotea vichochoroni.

"Hawa watu wa ofisi," Kalisa alisema, akasimama. "Acha nikamtoe. Usumani, mpige mheshimiwa akiwa na jiwe lake. Nirudi nikute picha ya maana."

Alitoka. Usumani alimtazama mkewe. Mukashema aliingia chumbani, akarudi na chupa ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kubwa, mpya, haijafunguliwa. Usumani alimimina kwenye bilauri, akalitumbukiza jiwe mbele ya macho ya Rwema.

"Unafanya nini?"

"Naliosha. Jiwe huoshwa kwanza."

"Inanuka vibaya."

"Uchafu ndio unaotoka, muramu."

"Basi osha." Rwema alijiegemeza. "Osha vizuri, litoke na sura ya maana."

Likaoshwa. Mukashema akamuuliza kaka yake habari za Dubai, na Rwema, ambaye hajawahi kufika Dubai, alimweleza kwa urefu: lifti zake, hoteli zake, jinsi Wahindi wanavyomheshimu mtu mwenye bidhaa. Alieleza vizuri sana. Bilauri ilikuwa nyuma ya bega lake muda wote huo, na simu ya Kalisa, kama walivyokuja kujua, ilikuwa ikimwelekeza Jean-Bosco kwenye msikiti usio wenyewe.

Hatimaye Usumani alilitoa jiwe, akalikausha, akamwekea Rwema katikati ya vidole viwili. Akasogeza lenzi. Picha ikajaa kwenye kioo cha kompyuta.

Kwanza zilionekana kucha za Rwema, na kilichokuwa chini yake. Kisha jiwe. Zumaridi ilikuwa imepauka kama jani lililochemshwa, na ndani yake nyufa zilikuwa zimetambaa kutoka pembe hadi pembe, nyeupe, zimepandana kama mizizi.

"Nini hiki?"

"Ni jiwe lako bila mafuta."

Rwema alitazama kioo, akatazama vidole vyake, akatazama kioo. Ungeweza kuiona akili yake ikifika mlangoni, ikachungulia ndani, ikaona aibu inayomngoja humo, ikageuka na kurudi ilikotoka.

"Umelivunja!"

"Muramu..."

"Umelivunja mbele yangu! Nimeona!"

Kalisa aliingia wakati huo, Jean-Bosco nyuma yake akihema na mhuri wake. Kalisa hakuhitaji kuliona jiwe. Pua yake ilitangulia. Alivuta harufu ya dawa ile ya kucha, akaiona bilauri, akamwona Usumani, na wote wawili wakajua. Lakini angesema nini? Akisema bilauri, atalazimika kueleza bilauri imetoa nini ndani ya jiwe.

"Taa," alisema. "Taa zimelipasua. Nimemwambia huyu mara ngapi asisogeze taa!"

"Taa!" Rwema aliudaka uongo ule kama mtu anayezama anavyodaka ubao. "Nilikuwa hapa. Zilikuwa moto kama jiko, hata mimi nimetokwa jasho."

Taa zile zilikuwa za kisasa, baridi kama pua ya mbwa. Mtoto angeweza kulala ameegemea moja. Jean-Bosco, ambaye alikuwa amesimama bega lake likigusa taa, alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema umeme ni kitu cha hatari.

Usumani alifungua kinywa. Mukashema, aliyesimama nyuma ya kaka yake, alitikisa kichwa mara moja tu. Bahasha ilikuwa bado kifuani mwa Rwema. Usumani akafunga kinywa.

"Utalilipa," Kalisa alimwambia, kwa ajili ya wageni.

"Twende polisi, bosi," alisema Usumani taratibu. "Waite mtaalamu, alipime, aandike limepasuliwa na nini. Nitalipa atakachosema."

Kalisa alimtazama kwa chuki safi, isiyo na vumbi. Kisha alimgeukia Rwema, akamshika bega. "Mheshimiwa, pole sana. Unajua, mtu unamsaidia..."

"Najua, mheshimiwa, najua," alisema Rwema. "Hawa watu hawasaidiki. Mimi ameniolea dada."

Walifarijiana hivyo mpaka nje, wezi wawili wakipeana pole kwa kuwa hawakuibiana. Jioni vijana wa Kalisa walikuja kuchukua taa, lenzi, kompyuta, na kamera, ambayo nayo ilikuwa ya Kalisa. Walichukua hata mapazia meusi. Mwanga uliingia, na Mukashema akaona sebule yake ina dirisha.

*

Kalisa hakupokea tena simu za Rwema. Mteja ambaye dada yake anajua habari za kijiko si mteja. Lakini Rwema hakuliona hilo. Aliita ukoo, akadai icyiru. Hiyo ni faini ya heshima: aliyekosa huleta vinywaji, anakiri mbele ya wakubwa, anasamehewa. Mswahili, alisema, amemwaibisha mbele ya mtu mkubwa.

"Sina kosa," alisema Usumani. Wiki zile alikuwa akipiga picha za pasipoti kwa kamera ya kuazima, na kodi walikuwa wakiilipa kwa cherehani ya Mukashema, usiku na mchana.

"Najua."

"Nikinunue kinywaji ili wanitukane wakinywa?"

"Ndiyo," alisema Mukashema. "Lakini waambie tunakipeleka Kabuga. Wanywe wakiwa kiwanjani."

Ukoo ulikuja wote, maana Fanta ya bure haina umbali. Walikaa kwenye nyasi za kiwanja kile, wakaangalia kilima na barabara inayochongwa upande wa pili, wakasifu upepo. Kreti zilifunguliwa, brosheti, yaani mishikaki, zikachomwa. Mjomba Ntakirutimana, aliyeheshimiwa kwa kuwa alisema kidogo na kunywa sana, alimwita Usumani katikati.

"Umekubali kosa?"

"Nimekubali."

"Kosa gani?"

"Taa," alisema Usumani. Mukashema alikohoa.

Rwema alisimama. Alisema ameumia. Alisema wangekuwa sasa wanazungumza habari za dola, si za nyasi. Alisema lakini yeye ni Mkristo, na mtu mkubwa husamehe, na yeye kwa kawaida yake hana tamaa ya mali. Wakampigia makofi. Akaongeza kwamba hajawahi kuwa na tamaa. Wakapiga tena.

Makofi hayajaisha, Mukashema akapiga magoti mbele ya mjomba.

"Mjomba, kwa kuwa kaka amesema mwenyewe, na nyote mko hapa. Kiwanja hiki kilikuwa cha baba yangu pia, na nusu ni yangu. Naomba leo tuchomeke vigingi vya mpaka, na kesho jina langu liingie kwenye hati."

Rwema alikuwa bado ana tabasamu la mtu mkarimu usoni, na hakupata mahali pa kuliweka. Mtu aliyepigiwa makofi kwa kukosa tamaa hawezi kuipata dakika hiyo hiyo mbele ya ukoo. Alitazama chupa yake.

"Bila shaka," alisema. "Nilikuwa nakaribia kusema."

Vigingi vikakatwa kwenye ua wa jirani, vikachomekwa. Mjomba Ntakirutimana alivipigilia mwenyewe kwa jiwe, jiwe la kawaida, la kijivu, lisilo na bei.

Walipokaribia kuondoka, Rwema, ili arudishe ukubwa wake, aliwapanga watu wote mbele ya gari lake na kumwita Usumani kwa vidole.

"Mpiga picha! Njoo utupige. Tumia simu yangu, maana najua kamera huna tena."

Watu walicheka. Usumani aliichukua simu. Alisogea, akasogea zaidi, karibu kuliko ilivyohitajika, mpaka uso wa Rwema ukajaa kwenye kioo, uking'aa kwa jasho na mafuta ya brosheti. Akaishusha simu.

"Nenda ukanawe kwanza."

"Nini?"

"Mimi sipigi kitu kabla hakijaoshwa."

Watu walicheka zaidi, wakidhani ni mzaha wa mtu aliyesamehewa. Rwema naye alicheka kidogo, akatoa leso, akaimwagia maji ya chupa yake, akaanza kujifuta paji la uso na mashavu, kwa bidii, mbele ya ukoo mzima.

"Sugua, kaka," alisema Mukashema kutoka upande wake wa vigingi. "Sugua vizuri, utoke na sura ya maana."